Mtoto Mwenye Usonji Katika Nyumba ya Mungu

SABATO ALASIRI

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Yohana 9:1-34, Isaya 43:1-4, Mathayo 4:24, Marko 9:14-29, 1 Wafalme 19:1-18, Kutoka 20:8-11, Marko 7:31-37, 2 Samweli 9.

Fungu la kukariri: Yohana 9:3. Lisome katika Biblia yako, kisha ulikariri pamoja na watu wa nyumbani kwako.

Sabato asubuhi katika mitaa ya Songea, iwe Lizaboni, Mfaranyaki au Bombambili, familia za waumini huamka, huoga, huvaa nguo safi na kuelekea kanisani na Biblia mkononi. Lakini wapo wazazi ambao asubuhi hiyo huwa na hesabu nyingine. Je, mtoto atakubali kuvaa shati lile lenye kola? Kwaya itakapoanza kuimba na spika kunguruma, ataziba masikio na kupiga kelele kama Sabato iliyopita? Shemasi atakuja tena kuwaomba watoke nje? Baada ya Sabato nyingi za namna hiyo, baadhi ya wazazi huamua kubaki nyumbani. Mwanzoni darasa huuliza habari zao. Baadaye halijauliza tena.

Mtoto anayezungumziwa hapa ana usonji. Hali hii inahusu namna ubongo unavyokua, na huonekana mapema utotoni. Huathiri namna mtoto anavyowasiliana na anavyohusiana na watu, na namna anavyopokea sauti, mwanga, mguso na mabadiliko. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kwamba takriban mtoto 1 kati ya 100 ana usonji. Hivyo si jambo la nchi za mbali. Mtaa wenye watoto mia kadhaa huenda una zaidi ya mmoja, hata kama hakuna aliyewahi kulitaja neno hilo.

Juma hili Maandiko yatatusaidia kukabili maswali matatu ambayo wazazi hawa hubeba, mara nyingi kwa siri: Hili ni kosa la nani? Je, Mungu atasikia maombi yetu? Na je, nyumba ya Mungu ina nafasi kwa mtoto wetu?

Jifunze somo la juma hili kwa ajili ya maandalizi ya Sabato ijayo.

JUMAPILI: SWALI LA WANAFUNZI

Soma Yohana 9:1-3. Wanafunzi walitaka kujua nini walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu? Yesu alijibuje?

Wanafunzi hawakuuliza kama kuna kosa. Hilo walikwisha kuliamua. Walichotaka kujua ni nani mkosaji: mtu mwenyewe au wazazi wake. Yesu aliyakataa majibu yote mawili. Hakusema kwamba watu wale hawakuwa wenye dhambi kabisa, kwa kuwa wote wametenda dhambi. Alisema kwamba upofu ule haukuwa malipo ya dhambi yao.

Swali la wanafunzi bado linaulizwa leo. Mtoto anapofika miaka mitatu bila kusema, ukoo hukaa na kutafuta mkosaji. Upande wa baba huutazama upande wa mama. Wengine husema mama alivunja mwiko alipokuwa mjamzito. Wengine husema wazazi wamemtoa mtoto kafara ili wapate mali, au kwamba jirani amemfanyia kitu. Hata kanisani huweza kusikika sauti ya chini ikisema kwamba lazima kuna dhambi iliyofichwa katika nyumba ile.

Wataalamu nao waliwahi kuanguka katika kosa hilohilo. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner, nchini Marekani, aliandika maelezo ya watoto 11 waliokuwa na hali hii. Katika miaka iliyofuata ilienea nadharia kwamba usonji husababishwa na mama asiyempenda mtoto wake, mama mwenye moyo baridi. Akina mama wengi walibeba mzigo huo kwa miaka, mpaka utafiti ulipoonyesha kwamba si kweli. Mwaka 1998 yakatokea madai mengine kwamba chanjo ya surua na magonjwa mengine huleta usonji. Makala iliyobeba madai hayo iliondolewa rasmi na jarida lililoichapisha, mwaka 2010, na tafiti nyingi hazikuona uhusiano wowote. Kinachojulikana leo ni kwamba urithi wa vinasaba una sehemu kubwa, pamoja na mambo mengine yanayogusa ukuaji wa ubongo. Malezi mabaya si chanzo. Laana si chanzo.

Soma Yohana 9:18-23. Wazazi wa yule kipofu walijikuta katika hali gani? Kwa nini waliogopa kusema zaidi?

Fungu hili husahauliwa mara nyingi. Wazazi wale waliitwa mbele ya wakuu na kuhojiwa habari za mtoto wao. Walikiri mambo mawili tu: kwamba ni mwana wao, na kwamba alizaliwa hivyo. Zaidi ya hapo walinyamaza, kwa sababu walijua kwamba wangeweza kutengwa na sinagogi. Watu waliopaswa kufurahi pamoja nao waligeuka kuwa mahakama. Mzazi wa leo anayekwepa maswali kuhusu mtoto wake si lazima awe na jambo la kuficha. Huenda anaogopa kile ambacho wazazi wale walikiogopa.

Angalia pia kwamba Yesu hakubaki kwenye chanzo. Mara tu baada ya kujibu, alizungumza juu ya kazi ambayo yeye na wanafunzi wake walipaswa kuifanya kungali mchana (Yohana 9:4). Wanafunzi waliona kisa cha kujadili. Yeye aliona mtu wa kuhudumiwa.

Je, umewahi kutafuta mkosaji kabla ya kutafuta namna ya kusaidia? Ungefanya nini tofauti leo?

JUMATATU: AITWAYE KWA JINA

Soma Isaya 43:1-4. Mungu anasema amewaita watu wake kwa njia gani? Anawathamini kwa kiasi gani?

Mji wa Songea hubeba jina la mtu. Nduna Songea Mbano alikuwa kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906, wakati wa vita vya Majimaji, na kila mwaka mwezi Februari mashujaa wa vita hivyo hukumbukwa katika mji huo. Watu wa Songea wanaelewa kwamba jina likihifadhiwa, mtu hajapotea.

Mtoto mwenye usonji mara nyingi hupoteza jina lake. Mtaani huitwa bubu, taahira, zezeta, au “yule mtoto wa fulani”. Pengine yeye mwenyewe hageuki anapoitwa kwa jina alilopewa. Kwa kweli hiyo ni mojawapo ya dalili za mwanzo. Mtoto aliyefikisha mwaka mmoja asipoitikia jina lake, asiponyoosha kidole kuonyesha anachokitaka, au akianza kupoteza maneno aliyokuwa ameshajifunza, apelekwe kuchunguzwa. Dalili nyingine ni kurudiarudia tendo moja, kama kupeperusha mikono au kuzungusha kifuniko kwa muda mrefu. Kufadhaika sana utaratibu unapobadilika. Na kusumbuliwa na sauti au mguso ambao wengine hawauoni kuwa tatizo. Watoto hawafanani. Mmoja hasemi neno lolote, mwingine anasoma na kukariri haraka kuliko wenzake lakini hajui namna ya kucheza nao.

Mzazi aliye Songea aanzie kwenye kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa. Aulize habari za ukuaji wa mtoto, na aombe masikio ya mtoto yapimwe, maana wakati mwingine asiyesikia hudhaniwa kuwa ana usonji, au kinyume chake. Usonji hauna dawa ya kuuondoa. Hata hivyo, mtoto anayeanza kufundishwa mapema hupata hatua: kuomba kwa picha au kwa ishara, kula mwenyewe, kuvaa, kusubiri zamu yake. Wapo pia wenye usonji ambao wana kifafa, na kifafa kina dawa. Kumwachisha mtoto dawa hizo kwa jina la imani ni kumhatarisha.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 zinamtambua mtoto huyu kuwa mwenye haki, ikiwemo haki ya kusoma. Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, huandaa walimu wa elimu maalumu. Mzazi anaweza kumwona afisa elimu maalumu au ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yake. Muumini mwenye uzoefu wa ofisi akiambatana na mama siku hiyo, hiyo nayo ni huduma ya Kikristo.

Mungu anayeita nyota zote kwa majina (Zaburi 147:4) hashindwi kumjua mtoto asiyegeuka anapoitwa. Tangu tumboni mwa mama yake alimwona (Zaburi 139:13-16).

Unawajua kwa majina watoto wenye ulemavu walio katika mtaa wako? Wakiitwa kwa majina yao na waumini, jambo hilo litawafundisha nini majirani?

JUMANNE: IMANI NA MASHAKA KATIKA OMBI MOJA

Soma Marko 9:14-24. Baba huyu alikuwa amepitia nini kabla ya kufika kwa Yesu?

Baba huyu alimleta mtoto kwa wanafunzi, nao hawakuweza. Waandishi walikuwa wakijadiliana nao, na umati ulikuwa umejaa. Mtoto alikuwa katikati ya mabishano ya watu wazima. Yesu alipofika, alimuuliza baba swali ambalo wauguzi wazuri huuliza hadi leo: hali hii imempata tangu lini? Alimpa mzazi nafasi ya kueleza. Ndipo baba akasema kwa machozi kwamba anaamini, na papo hapo akaomba asaidiwe mahali asipoamini. Yesu hakumkemea kwa kuchanganya imani na mashaka. Alimsaidia.

Je, kisa hiki kinafundisha kwamba kila mtoto mwenye hali ngumu ana pepo? Linganisha na Mathayo 4:24.

Mathayo anawataja wenye pepo, wenye kifafa na wenye kupooza, kila kundi peke yake. Biblia inakiri kwamba pepo wapo, tena inakiri kwamba magonjwa na ulemavu vipo bila pepo. Katika Yohana 9 Yesu hakukemea pepo yeyote. Musa alipolalamika kwamba ulimi wake ni mzito, Bwana hakumwambia kwamba ana pepo. Alimkumbusha ni nani aliyekifanya kinywa cha mwanadamu, kisha akampa Haruni wa kusema kwa niaba yake (Kutoka 4:10-16).

Jambo hili si dogo. Mtoto mwenye usonji anayelia kwa sababu ya kelele, akizungukwa na watu kumi wanaopaza sauti, wakimshika kichwa na kumtikisa, atalia zaidi. Kilio hicho huchukuliwa kuwa ushahidi wa pepo, nao wanaomkemea huongeza sauti. Wapo watoto waliofungwa kamba, waliopigwa, waliolazwa njaa, waliochanjwa na waganga au kunyweshwa dawa zisizojulikana, kwa kutafuta kilekile. Wazazi wametumia mahindi ya msimu mzima, hata shamba, kulipia ramli na maombezi ya kuuzwa. Anayelipisha maombi hamfuati Yesu, ambaye aliwaagiza wanafunzi watoe bure kama walivyopokea bure (Mathayo 10:8).

Basi, mzazi aombe nini? Aombe lolote lililo moyoni mwake, pamoja na uponyaji. Mungu anaweza. Lakini 2 Wakorintho 12:7-9 inaonyesha kwamba Paulo, mtume aliyeombea wengi, aliomba mara tatu mwiba wake uondolewe, naye akapewa neema ya kuuchukua. Hakuna aliyemwambia Paulo kwamba imani yake ni haba. Mzazi ambaye ameomba miaka saba na mtoto bado hasemi hajashindwa katika imani. Kila asubuhi anapoamka na kumwosha, kumlisha na kumbusu mtoto asiyemjibu, anafanya kazi ambayo Mungu anaihesabu kuwa ya imani.

Je, kuna maneno ambayo kanisa huwaambia wazazi kwa nia njema, lakini huwaumiza? Ni maneno gani yangewafaa zaidi, au ni wakati gani ingefaa kunyamaza na kuketi nao tu?

JUMATANO: MKATE CHINI YA MRETEMU

Soma 1 Wafalme 19:3-8. Eliya alimwomba Bwana nini? Jibu la kwanza la Mungu lilikuwa lipi?

Eliya alikuwa amechoka mpaka akatamani kufa. Bwana hakuanza kwa kumhubiria. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, kisha akamlisha mara ya pili. Maneno yalikuja baadaye, Horebu, na hata huko hayakuja kwa upepo wala tetemeko wala moto, bali kwa sauti tulivu.

Wazazi wa watoto wenye usonji huijua sana njia hii ya jangwani. Watoto wengi wenye usonji hulala kwa shida, na mtoto asipolala, mama halali. Wapo wanaotoka nyumbani bila kuona hatari ya barabara au mto, hivyo mlango lazima ulindwe saa zote. Mama hawezi kwenda Soko Kuu kuuza mboga, na shambani hawezi kulima mstari mmoja bila kuinua macho. Mara nyingi baba huondoka, au hubaki lakini mzigo wote humwangukia mama. Ndugu wa mtoto nao hujifunza kunyamaza, kwa kuwa macho yote yako kwa mmoja. Baadhi ya wazazi wameomba ombi la Eliya, wakaona haya kulisema mbele ya watu.

Soma Kutoka 20:8-11. Ni nani na nani wametajwa katika amri ya nne kuwa wapumzike?

Amri inamtaja mwana, binti, mtumwa, mgeni, hata mnyama. Hakuna anayeachwa nje ya pumziko. Basi kanisa linaloitunza Sabato lijiulize: yule mama anapumzika lini? Ikiwa Sabato kwake ni siku ya kumkimbiza mtoto nje ya kanisa kuanzia saa tatu hadi saa saba, halafu arudi nyumbani kufua na kupika, bado pumziko halijamfikia. Dada wawili wa Dorkasi wanaojifunza namna ya kukaa na mtoto, wakazoeana naye polepole, na kumpa mama saa mbili za usingizi au za ibada, wanaifanya amri ile itimie ndani ya nyumba moja. Ndugu wa kanisa wakimtafuta baba, si kumlaumu bali kumtia moyo arudi kwenye nafasi yake, huo nao ni uponyaji.

Na mtoto mwenyewe je? Hapa Sabato ina baraka ambayo wengi hawaioni. Mtoto mwenye usonji hutulia mambo yanapokuja kwa utaratibu uleule, na Sabato huja kila siku ya saba bila kukosa, jua linapozama. Familia inaweza kuujenga utaratibu huo ili aushike: Ijumaa kuoga mapema, taa ileile kuwashwa, wimbo uleule wa kufungulia Sabato, chakula kilekile anachokipenda. Picha nne au tano zilizochorwa kwenye kadi na kubandikwa ukutani zinaweza kumwonyesha kitakachofuata: kuvaa, kutembea, kuimba, kurudi, kula. Huenda asiweze kueleza maana ya Sabato. Lakini anaweza kuitambua ikija, na kuipokea kwa furaha.

Ni familia gani katika kanisa lako inayohitaji mkate na usingizi kabla ya kuhitaji ushauri? Ni nani atakayewapelekea juma hili?

ALHAMISI: KANDO YA MAKUTANO

Soma Marko 7:31-37. Yesu alifanya nini kwanza kabla ya kumponya kiziwi mwenye utasi? Kwa nini?

Yesu alimtenga na umati, faraghani. Alimgusa masikio na ulimi, akatazama juu mbinguni, akaugua. Mtu yule asingesikia maneno, kwa hiyo Bwana alisema naye kwa njia aliyoweza kuielewa: kwa mguso, kwa macho, kwa ishara. Hakudai kwamba kiziwi amfuate katika lugha ya umati. Yeye ndiye aliyeingia katika lugha ya kiziwi.

Kanisa linalotaka kumfuata Yesu katika jambo hili halihitaji fedha nyingi. Linaweza kupunguza sauti ya spika, maana Bwana husikia hata zikiwa chini. Linaweza kuitengea familia benchi karibu na mlango, ili mtoto atoke na kurudi bila kupita mbele ya watu wote. Linaweza kukubali kwamba mtoto azunguke uwanjani na mtu anayemjua, kisha aingie tena. Mwalimu wa watoto anaweza kumruhusu kushika kitambaa au kopo analolipenda, na kumweleza mapema iwapo darasa litahama. Wakati wa makambi, utaratibu unapobadilika na umati kuongezeka, familia ipewe mahali pa pembeni penye utulivu. Kwenye chakula cha pamoja asilazimishwe kula asichokizoea, wala mama asihukumiwe kwa kuja na kibakuli chake. Wazee wa kanisa wanaweza kulieleza kanisa zima, wazazi wakiridhia, kwamba mtoto huyu hana adabu mbaya. Anahangaika, na kanisa lote ni familia yake.

Soma 2 Samweli 4:4 na 2 Samweli 9:6-13. Mefiboshethi alikula wapi, na kwa muda gani?

Mefiboshethi alilemaa miguu akiwa na miaka mitano, yaya alipokuwa akikimbia naye akaanguka. Maandiko hayamlaumu yaya. Miaka mingi baadaye Daudi alimwita kutoka Lo-debari, akaketi mezani pa mfalme siku zote. Sura hiyo inamalizika kwa kurudia mambo mawili kwa pamoja: kwamba alikula daima mezani pa mfalme, na kwamba alikuwa kiwete miguu yote miwili. Miguu haikupona. Nafasi mezani haikusubiri ipone.

Mara nyingine kanisa humpokea mtu mwenye ulemavu kwa sharti la kimya: apone, au atulie, au asionekane. Paulo anasema kinyume, kwamba viungo vinavyoonekana kuwa dhaifu ndivyo vinavyohitajika zaidi (1 Wakorintho 12:22-26). Mtoto asiyesema hulifundisha kanisa kusubiri, kuangalia, kupenda bila kutarajia asante. Kanisa lisilokuwa na mtu wa namna hiyo limekosa kiungo, hata kama ibada yake ni tulivu kabisa.

Kama familia yenye mtoto mwenye usonji ingeingia kanisani kwenu Sabato hii, wangekutana na nini mlangoni, kwenye benchi, na baada ya ibada?

IJUMAA: KWA KUJIFUNZA ZAIDI

Katika kitabu Tumaini la Vizazi Vyote, Ellen G. White anaeleza kisa cha baba na mwanawe chini ya mlima, baada ya Yesu kugeuka sura. Kisome pamoja na Marko 9, ukiangalia namna Mwokozi alivyoshuka kutoka katika utukufu wa mlimani na kukutana mara moja na huzuni ya mzazi mmoja.

Tarehe 2 Aprili kila mwaka ni siku ya kimataifa ya kuongeza uelewa kuhusu usonji, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 2008. Kanisa linaweza kuitumia Sabato iliyo karibu na siku hiyo kumwalika muuguzi au mwalimu wa elimu maalumu azungumze na wazazi wa mtaa mzima, waumini na wasio waumini.

Tumaini la Waadventista halikomei katika maisha haya. Siku inakuja ambapo ulimi wa aliye bubu utaimba (Isaya 35:5, 6), na wazazi watazungumza na watoto wao bila kizuizi. Lakini tumaini hilo halikutolewa ili mtoto aahirishwe mpaka siku ile. Bwana yule atakayekuja ndiye aliyesema kwamba ampokeaye mtoto mmoja kwa jina lake anampokea yeye (Marko 9:37). Anapokelewa leo, katika hali aliyo nayo leo.

Maswali ya Kujadili:

1. Katika Yohana 9:34, 35 yule aliyeponywa alifukuzwa, na Yesu alipopata habari akamtafuta. Je, kuna familia iliyoacha kuja kanisani kwenu kwa sababu ya mtoto wao? Nani atakwenda kuwatafuta, na atawaambia nini?

2. Mshiriki mmoja anasema: “Kelele za mtoto yule zinatuharibia ibada. Wengine nao wana haki ya kusikia neno.” Darasa litamjibuje kwa upendo, bila kumdharau yeye wala mtoto? Ni mpango gani ungewasaidia wote wawili?

3. Mama anaambiwa na ndugu zake ampeleke mtoto kwa mganga, wasipomsikiliza watamtenga. Kanisa limsaidieje asimame imara asibaki peke yake?

4. Kijana mwenye usonji asiyesema anaonyesha kwa matendo yake kwamba anapenda maombi na nyimbo. Kanisa lingetambuaje imani yake, na lingemwandaaje kwa ubatizo na Meza ya Bwana?

5. Kabla darasa halijaagana, chagueni jambo moja mtakalolifanya kwa ajili ya familia moja juma lijalo. Andikeni ni nani atakayelifanya, na siku gani. Sabato ijayo anzeni darasa kwa kuulizana kama lilifanyika.